Anaumwa Kidogo, Njoo

Jumatano ya tarehe tisa, mwezi wa Oktoba, saa nne na dakika kumi asubuhi, dada mmoja alimpigia simu kaka yake aliyekuwa nchi ya mbali, akamdanganya kwa sababu alikuwa anampenda.

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Walio nyuma sogeeni, nafasi ipo. Mimi si msemaji wa haraka, mnanijua, na leo nitakwenda polepole zaidi. Nimeanza na simu hiyo kwa sababu hapo ndipo mambo ya watu hawa yalipobadilika, na wao wenyewe hawakujua. Ila ili mnifuate, turudi nyuma kidogo.

Kulikuwa na mzee mmoja, mshonaji wa magodoro ya pamba. Alikuwa na mke na watoto wawili, wa kiume na wa kike. Wa kiume alijifunza kazi ya baba yake, akaijua vizuri. Kisha yakaja magodoro ya sponji. Mtu analinunua asubuhi, analibeba kichwani, usiku analilalia. Nani tena atasubiri wiki nzima pamba ichambuliwe, ijazwe, ishonwe? Kazi ikafa. Kijana akakaa barazani miezi minne hajashona hata mto.

Ikatokea nafasi ya kwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, huko nchi za baridi. Akapewa wiki mbili aseme ndiyo au hapana. Katika wiki hizo mbili alikonda. Akilala anaona ndege, akiamka anamwona mama yake anachota maji.

Baba yake mdogo alikuwa mtu wa maneno mengi. Akamwambia, "Nenda! Unangoja nini hapa? Unangoja sponji lioze?"

"Baba mdogo, na wazazi?"

"Wazazi tupo, tutawaangalia. Wewe jiangalie tu usije ukarudi na mke anayeongea kwa pua."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Akasema, "Mwanangu, mimi sikuzuii. Nimekuridhia. Ila stendi sitakuja kukusindikiza, miguu inaniuma."

Ilikuwa miguu kweli? Wanawake mliopo huko nyuma ya pazia, nyinyi mnajua jibu.

Kijana akaenda. Baridi aliitegemea, maana aliambiwa. Asichokitegemea ni ukimya. Asubuhi ya kwanza alikutana na jirani yake kwenye ngazi, akamsalimia kama tunavyosalimiana sisi. Habari za asubuhi, umeamkaje, watoto hawajambo, kazi je? Yule jirani akasimama, akamtazama, akauliza, "Una shida gani?" Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu kijana akajifunza kusalimia kwa kidevu, kama wenyeji.

Na kitu kingine kilimtisha. Watu wale walikuwa wanasema jambo kama lilivyo. Msimamizi anamwambia mtu mbele ya wenzake, "Mikate yako leo mibaya," kisha wanakwenda kunywa chai pamoja. Kulikuwa na mzee mmoja wa zamu yake, siku moja alirudi kutoka hospitali akasema daktari amempa miezi sita ya kuishi. Amesema hivyo tu, huku anafunga aproni. Kijana akaona hawa hawana huruma. Akamwambia dada yake kwenye simu, "Huku maneno hayavikwi nguo."

Dada akamjibu, "Basi na wewe ukirudi usije ukatuvulia huku kwetu. Sisi tuna wazee."

Hivyo ndivyo alivyokuwa anaishi. Akazoea baridi, akazoea zamu, akazoea kufunga Ramadhani mahali ambapo jua linakataa kuzama. Mwaka wa pili ukaingia.

Sasa tumefika kwenye ile Jumatano.

Saa nne na dakika kumi, dada alitoka chumbani akiwa na mikono iliyolowa. Walikuwa wanamwosha mama. Mikono ile ilikuwa inanuka kafuri. Baba mdogo alikuwa anamsubiri ukumbini na simu.

"Mpigie kaka yako. Mwambie mama anaumwa kidogo, aje."

"Baba mdogo, mama amekufa."

"Najua amekufa! Unataka ukamwue na yeye? Yuko peke yake kule, ataanguka, nani atamwokota? Mwambie anaumwa kidogo. Akifika atajionea."

"Na akiuliza anaumwa nini?"

"Homa. Nani hajui homa?"

Dada akapiga. Kaka akapokea, nyuma yake mashine za mikate zinanguruma. Dada akasema, "Kaka, mama anaumwa kidogo. Si sana. Homa tu. Ila jitahidi uje."

Ndugu zangu, kuna mtu humu ndani ambaye hajawahi kuambiwa hivyo? Au ambaye hajawahi kusema hivyo? Sisi ndivyo tulivyolelewa. Mtu wa mbali haambiwi kifo. Anaambiwa anaumwa kidogo, njoo. Tunasema ni huruma. Na kweli, ni huruma. Sikatai.

Kijana akaomba ruhusa, akapanda ndege. Njiani alimnunulia mama yake soksi nene za sufu kwa ajili ya ile miguu. Ameshuka kwenye basi, anaona wanaume wa mtaani kwao wamesimama wamevaa kofia, hakuna anayetabasamu. Kila mmoja anampa mkono na kuushika kwa mikono miwili. Alipomfikia wa nne akajua. Soksi zikiwa kwenye mfuko wake, akajua.

Akapelekwa makaburini, akaonyeshwa udongo uliokwisha kukauka. Jioni akamkabili dada yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefikaje, kaka? Ungevumilia vipi njia yote ile?"

"Dada, nilikula kwenye ndege. Unanisikia? Nilikula, nikamaliza, nikaomba kingine. Nikaangalia picha ya vichekesho nikacheka mpaka mtu wa pembeni akaniangalia. Nilicheka, na mama yuko chini ya udongo siku ya pili."

Dada akalia. Baba mdogo akaingilia, "Wewe! Usimlaumu mwenzio. Mimi ndiye niliyemwambia. Hata mimi nilipokuwa nafanya kazi migodini niliambiwa baba anaumwa kidogo. Nikaja, nikakuta matanga. Nilikufa? Si huyu hapa nimesimama?"

Yule mzee, baba yao, alikuwa amekaa pembeni, mfiwa wa siku tatu. Hakuwa amejua kuhusu simu ile. Akamwita mwanawe, akamwambia taratibu, "Mimi nikiumwa, nitakuambia mwenyewe. Kwa mdomo wangu. Ukisikia sauti yangu inakuita, uje."

"Ukiniita, baba, nitakuja. Hata nikiwa katikati ya jambo gani, nitaliacha."

Wakashikana mikono. Kijana akarudi kwenye mikate yake.

Sasa nisikilizeni hapa. Miaka minne ikapita. Kijana akaandika barua ya kuomba kibali cha kuishi kule moja kwa moja, apate kumchukua mke wake aliyemwoa alipokuja likizo, na mtoto wao mdogo ambaye alikuwa amemwona mara moja tu. Akaambiwa, subiri jibu. Na sharti likawa hili: ukitoka nje ya nchi kabla ya jibu, ombi lako limekufa, na mlango hautafunguliwa tena. Miezi kumi anasubiri. Miezi kumi anakagua sanduku la barua kila akitoka kazini.

Ndipo simu ikalia. Dada yake.

"Kaka, baba anaumwa."

Akauliza, "Anaumwa nini?"

"Kiharusi. Ameanguka asubuhi. Kaka, njoo."

"Mpe simu nizungumze naye."

"Hawezi kuzungumza."

"Baba aliniambia ataniita mwenyewe."

"Kaka, hawezi. Mdomo umekwenda upande. Sauti haitoki."

Na nyuma ya sauti ya dada yake alisikia watu wengi, mazulia yanatandikwa, watu wanasoma Yasini. Nyinyi mnajua mgonjwa aliyezidiwa anasomewa Yasini. Na maiti je? Naye anasomewa Yasini.

Akasema, "Basi nionyeshe uso wake. Washa kamera."

Dada akainua simu. Baba mdogo akaushika mkono wake, akamnong'oneza, "Hapana. Kaka yangu hawezi kuonyeshwa akiwa amepinda mdomo namna ile, mate yanamtoka. Huko ni kumvunjia heshima. Na mtoto akimwona hivi atachanganyikiwa."

Huruma tena, mnaona? Huruma ya pili.

Dada akarudisha simu sikioni. "Kaka, si vizuri umwone hivi. Wewe njoo tu."

Kule ng'ambo kijana alikaa chini kwenye gunia la unga. Akasema, "Nimeelewa, dada. Nimeelewa. Mungu awape subira."

"Amina. Utakuja lini?"

Lakini kaka alikuwa analia, simu ikakatika.

Alikuwa ameelewa nini? Alielewa kile tulichomfundisha. Mara ya kwanza aliambiwa homa, akakuta kaburi. Leo ameambiwa kiharusi, hasemi, haonyeshwi, na Yasini inasomwa. Wewe ungeelewa nini?

Akapiga hesabu ya moyo wake. Kama baba angekuwa hai, karatasi na ziungue, angeruka siku hiyo hiyo, ahadi ni ahadi. Lakini baba amekwisha kuzikwa, ndivyo alivyodhani, maana sisi hatulazi maiti. Atakwenda kufanya nini? Kuangalia udongo tena? Dua haiombi viza, dua inafika kutoka popote. Akaandika ujumbe kwa dada yake: "Siwezi kuja. Nawaombea. Mungu atanisamehe."

Baba mdogo alipousoma ujumbe ule alifoka. "Karatasi za Wazungu zimemlevya! Baba yake amelala hapa, yeye anasema siwezi kuja? Usimpigie tena. Usimbembeleze. Akitaka baba yake, njia anaijua."

Dada hakupiga tena. Alikuwa na hasira, na alikuwa na mgonjwa wa kumgeuza ubavu usiku na mchana. Na kaka hakupiga, alikuwa anaona aibu. Kila mmoja akakaa upande wake, anamhukumu mwenzake kwa kosa ambalo mwenzake hakulifanya.

Kijana akawaita wenzake watano wa nchi yetu, wakabanana kwenye chumba chake kimoja. Wakasoma khitma. Wakapika wali, wakala, wakamwombea marehemu. Mmoja akamwuliza, "Mzee amezikwa lini?" Akajibu, "Siku ile ile." Hakuna aliyeshangaa. Wote walikuwa watu wa kwetu, na wote waliwahi kuambiwa anaumwa kidogo.

Siku ya kumi na moja, baada ya sala ya alfajiri, simu ikalia. Dada. Na safari hii hakumsubiri baba mdogo amwambie la kusema. Alikuwa amechoka kuficha. Akasema wazi, kama watu wa kule wanavyosema.

"Kaka, baba amefariki."

Kijana akajibu kwa upole, "Dada yangu, najua. Asante kwa kuniambia mwenyewe. Usijali, tulishamsomea khitma, wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita? Mlimsomea nani?"

"Baba. Leo si siku ya kumi na moja?"

"Kaka, unasema nini? Baba amefariki sasa hivi. Sasa hivi, wakati wa adhana. Hata maji ya kumwosha hayajapata moto."

Ndugu zangu, mimi ningependa kuishia hapa.

Kisha kijana akauliza, kwa sauti ndogo, "Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Siku zote hizi."

"Alinitaja?"

Dada alijua angeweza kusema hapana. Angesema, hakuwa na fahamu, hakujua lolote, alilala tu. Ni rahisi, na ni huruma. Alikuwa na sekunde moja ya kuchagua. Akasema, "Hakuweza kutaja mtu. Lakini kila mlango ulipofunguliwa aligeuza jicho. Akiona si wewe, analifumba."

Kijana akavuta pumzi, akasema, "Dada, unaniambia kweli, au unanifanyia huruma?"

Dada angeapa? Angeapa kwa kitu gani? Mdomo uliosema homa, na mdomo unaosema jicho lake lilikutafuta, ni mdomo ule ule.

Ndugu zangu, huo ndio mfano.

Nani amemtenga mzee yule na mwanawe? Msiniambie ni safari. Watu wanasafiri tangu zamani, wanahama, wanarudi, na wengine wanazikwa huko huko, na Mola yuko huko kama alivyo hapa. Msiniambie ni zile karatasi. Alikuwa tayari kuziacha. Ilikuwa ile Jumatano. Tulimwonea huruma siku moja, tukachukua imani yake ya siku zote zilizobaki. Uongo wa huruma haumalizi kazi yake siku uliposemwa. Unakaa. Unasubiri siku ambayo wewe utakuwa na neno la kweli, neno zito, huna jingine, ndipo uongo ule unatangulia mlangoni na kulizuia lisipite.

Najua mnavyosema moyoni. Sheikh, mtu yuko peke yake ugenini, nimwambie tu kavu, mama yako amekufa? Aanguke? Hapana. Sisemi tuwe wakavu. Mtafute kwanza mtu wa kwetu aliye karibu naye, mpigie, mwambie nenda kwa fulani sasa hivi, gonga mlango, kaa naye. Huyo akishakaa, ndipo wewe piga simu, useme. Huruma ni mtu wa kumshika. Kumficha si kumshika. Na akitaka kuuona uso wa baba yake umepinda, mwonyeshe. Ni uso wa baba yake. Si aibu.

Na nyinyi mlio mbali, mnaonisikiliza kupitia simu za ndugu zenu, mna sehemu yenu pia. Mnaulizwa habari za huko, mnasema salama, kazi nzuri, na mmelala njaa, au mmefukuzwa nyumba. Mnatuficha, tunawaficha. Siku tutakayoitana kweli, nani atamsikia mwenzake?

Mimi sizungumzi nikiwa msafi. Mwezi wa sita mlinibeba, mkanisaidia kumzika mke wangu, na sijasahau. Siku ile simu ilikuwa mkononi mwangu, binti yetu yuko ng'ambo anauguza wazee wa watu. Mnajua nilimwambia nini. Hakuna baba mdogo aliyenisukuma. Nilisema mwenyewe, mama yako anaumwa kidogo, njoo. Mimi, imamu wenu.

Alikuja, akalia, akanisamehe, akarudi kazini. Lakini tangu siku hiyo, nikimpigia nikamwambia niko mzima, ananyamaza kwanza. Juzi nilimwambia hapa mvua imenyesha vizuri. Mvua tu. Akauliza, "Kweli, baba?"

Ndiyo sababu leo nasema mbele yenu, muwe mashahidi wangu. Kuanzia sasa nikiumwa ataambiwa naumwa. Nikifa ataambiwa nimekufa, saa ile ile, na mtu wa kumshika awe ameshafika kwake. Atakayembadilishia neno, hata awe ndugu yangu wa damu, sijamridhia. Na kila siku nitampigia, nitamwambia jambo dogo la kweli, mvua, bei ya mchele, jino linaloniuma, mpaka siku moja asiulize.

Inueni mikono.

Ee Mola wetu, mja wako Rukia binti Mfaume, mke wangu, amekuja kwako, na sisi tuliobaki tulimfanyia makosa hata katika kuitangaza safari yake. Yeye hana hatia katika hilo. Msamehe madhambi yake, mpanulie kaburi lake, litie nuru, na umpokee kwa wema zaidi ya sisi tulivyomuaga. Warehemu wote waliotutangulia, waliokufa majumbani mwao na waliokufa ugenini, wale ambao watoto wao walifika na wale ambao macho yao yalifumbwa huku mlango ukiwa mtupu. Wakutanishe na wale waliokuwa wakiwangoja, mahali ambapo hakuna atakayehitaji kuitwa.

Amina.